Ng'ombe wa Anatolia

Nzi ndio walioondoka kwanza. Anatolia aliliona hilo asubuhi moja alipokuwa akivifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa nyasi, kama mama yake alivyomfundisha. Zamani nzi walijaa kwenye kichanja kile hata akachoka kuwafukuza. Sasa hakuwapo hata mmoja. Alisimama na kifuniko mkononi, akajua kwamba nzi wameyajua mambo ya nyumba yake kabla ya majirani.

Alikuwa wa ukoo wa watawala wa Karagwe, wenye makao yao Bweranyange, ingawa wa tawi la mbali, lile linalosalimiwa kwa heshima lakini haliitwi kwenye mashauri. Marehemu mumewe, Ndyamukama, alikuwa mkubwa wa kijiji kimoja huko Isingiro. Mtoto hawakujaliwa. Kwao mwanamke hashiki jembe, hali mbele ya watu, na chakula chake ni maziwa. Njaa ilikuwa neno la watu wengine. Kisha mbung'o wakaingia malishoni, ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine, hata akabaki Bihogo peke yake, mwekundu, mbavu nje, akitoa maziwa ya kulowesha chombo tu.

Jirani yake alikuwa Placidia, mke wa Rweyemamu, watu wa ndizi na kahawa. Placidia alipokuwa msichana aliitekea maji nyumba ya Anatolia. Sasa alikuwa na kibanja chake, shamba la migomba na mibuni, na kila jioni alimletea Bihogo kapu la maganda ya ndizi. Siku moja Anatolia alipoyamwaga maganda yale, akakuta chini yake ndizi na maharage yaliyopikwa, yamefungwa kwenye jani, yangali moto. Alifunga mlango, akala. Siku hiyo hakunywa maziwa, maana kwao waliamini maharage na maziwa yakikutana tumboni ng'ombe hufa.

Bihogo akafa hata hivyo, mvua za vuli zilipoanza.

Kesho yake Placidia alikuja na kapu lake. Aliuona uwanja mtupu na kamba imetundikwa ukutani. Akapiga goti kama siku zote, akamwita kwa neno la heshima.

"Shikamoo, waitu. Nimemletea ng'ombe maganda yake."

Anatolia alilitazama kapu, akamtazama mwenye kapu.

"Marahaba. Weka hapo. Atakula."

Ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka.

"Ng'ombe alikulaje jana, waitu?" Placidia huuliza, uso mkavu kama wa hakimu.

"Alikula. Ila maharage yalipungua chumvi."

"Ng'ombe wa wakubwa ana makuu huyo. Wa kwetu hupewa majani akashukuru."

"Wa kwenu hakuzaliwa Bweranyange."

Hapo wote wawili hucheka mpaka machozi. Kisha Anatolia humpa mgeni wake buni chache za kutafuna, kama desturi inavyotaka, nazo zilikuwa buni za kibanja cha Placidia mwenyewe. Rweyemamu hakuambiwa lolote. Kapu lile lilikuwa la watu wawili.

Halafu Placidia akaugua kifua, akashindwa kuinuka. Jioni alikuja Stephania, mke wa mwanawe, aliyeolewa juzijuzi kutoka Rugera.

"Shikamoo, bibi. Mama amesema nimletee ng'ombe maganda."

Anatolia alilipokea kapu, akafunga mlango, akayapekua maganda hadi chini. Yalikuwa maganda. Stephania alikuwa binti mwema, tena alikuwa ameyaosha.

Kesho yake akaja tena na maganda. Akachungulia uani. "Ng'ombe yuko malishoni, bibi?"

Anatolia angeweza kusema kweli pale pale. Binti alikuwa na uso wa huruma, wala hapakuwa na mtu mwingine. Ulimi wake ukakataa.

"Yuko malishoni," akasema.

Placidia, huko alikolala, hakumfunulia mkwewe siri ya watu. Pengine alidhani atapona upesi. Anatolia alikaa na maganda yake, na mwishowe akayachemsha.

Kilio cha msiba wa Placidia kilipotoka kwa Rweyemamu, Anatolia alikuwa ameshika ukuta ili asimame. Mwanamke wa ukoo wake haendi kuketi kwenye msiba wa wakulima, hutuma mtu. Naye hakuwa na wa kumtuma, na hata angekuwa naye, asingemtuma. Alijitanda shuka yake nyeusi, akaenda pole pole katikati ya migomba.

Wanawake waliokuwa wameketi kwenye nyasi walisogea, wakamletea kigoda. Baada ya maziko chakula kikaletwa, ndizi na maharage juu ya majani, na Stephania ndiye aliyegawa. Alipofika kwa Anatolia aliinamisha kichwa kwa adabu, akampita, akampa aliyeketi karibu naye.

"Huyo hali kwa watu," mama mmoja alinong'ona. "Tumbo lake linajua maziwa tu."

"Mwacheni. Ana ng'ombe wake nyumbani, atamkamua."

Harufu ya maharage yale Anatolia aliijua. Aliinuka kwenye kigoda, akaketi chini kwenye nyasi pamoja nao.

"Sina ng'ombe," alisema. "Bihogo alikufa zamani. Placidia alijua. Alikuwa akinilisha mimi, miaka yote hii, na hakunitangaza kwa mtu."

Rweyemamu, aliyekuwa mlangoni, aliinua kichwa, akamtazama kama anayemsikia mkewe akisema. Stephania aliweka mkono mdomoni, maana yale maganda yalimrudia yote kwa pamoja.

Anatolia akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyowaona wengine wakipokea.

"Nina njaa," akasema.