Goti Langu Lakataa Neno

Jana, baada ya ugali wa mchana, nilijiegemeza ukutani pale kambini nikikariri maneno ya Kiingereza, usingizi ukanichukua. Daktari wa kuniona leo ni mgeni, hajui Kiswahili. Nilipanga kumwambia neno moja tu, *sprain*, yaani nimeteguka, ili aniruhusu kukimbia kwenye mashindano ya taifa Jumamosi. Neno lenyewe la goti langu nililijua. Ni *tear*, kuchanika. Hilo sikulikariri.

Nikaota niko darasa la nne, Mbulu. Kwenye kiti cha mwalimu limekaa goti langu la kushoto, limevaa miwani.

“Shikamoo, mwalimu,” nasema.

“Marahaba, Dafroza. Nina nini?”

“Umeteguka, mwalimu.”

“Andika ubaoni.”

Naandika *sprain*. Ubaoni linatokea *tear*. Nafuta, naandika tena. Linatokea lilelile.

“Kwa Kiingereza,” goti linasema, “kuchanika na chozi huandikwa kwa herufi zilezile. Chagua lako.”

“Nachagua chozi,” nasema, maana chozi halimzuii mtu kukimbia.

“Basi lia.”

Najaribu. Sijalia tangu tumzike baba, mwaka juzi. Goti linasubiri, halinihimizi. Mwishowe linavua miwani na kuipangusa.

“Basi umechanika,” linasema.

Darasa halipo tena. Tuko kwenye geti la chuma lililoandikwa MSIMU. Mlinzi ni Kocha Gwandu, aliyenifundisha kukimbia miaka tisa.

“Wamesema utakuwa nje msimu mzima, mwanangu,” ananiambia. “Nje ni hapa.”

Ananibeba kama gunia la maharage, ananiweka upande wa pili, anafunga. Ndani ya msimu mvua inanyesha. Wasichana wanakimbia kwenye matope, na mmoja amevaa namba yangu. Huku nje hakuna tone, hata nyasi hakuna. Napenyeza mkono kwenye nondo. Mvua yao ni ya baridi.

“Toa mkono, Dafroza,” kocha anasema. “Unavujisha msimu.”

“Nitarudi lini?”

“Liulize goti.”

Goti limekaa vumbini pembeni yangu. “Mimi sina haraka,” linasema.

Nikaamka. Kocha Gwandu, yule wa kweli, alikuwa amesimama mbele yangu, filimbi shingoni.

“Umeyakariri maneno yako?”

“Kocha, goti limechanika. Nimelificha tangu mbio za Babati.”

Hakunigombeza. Alichuchumaa, akatoa mfukoni orodha ya Jumamosi, akaishika muda mrefu bila kuisoma. Kisha akakata jina langu kwa kalamu, mstari mmoja mwembamba, kama anayeogopa kuniumiza.

“Pole, mwanangu.”

“Asante, kocha.”

Alinipa mkono anisaidie kuinuka, kisha akautazama wangu.

“Maji umeyapata wapi? Bomba ni kavu tangu Jumapili.”

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa wa baridi.