Fundi Aliyepima Bastola

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya kabati la nguo, nimevaa bukta na soksi, bastola mkononi. Kabati likakohoa kama karani anayetaka kwenda kula.

"Sema shida," likasema.

Shida yangu haikuanzia ndotoni, nilipanda nayo kitandani. Baba mkwe amefariki kule Mpwapwa. Mke wangu Nyemo alitangulia juzi na binti yetu Wende, na kabla basi halijaondoka hapa Mafinga alinishika kola, akaniambia polepole ili watu wasisikie: "Atilio, ukija na hilo dude kwenye msiba wa baba, mimi na Wende tunabaki huko huko." Nyemo si mtu wa kutishia. Akisema mvua, anika nguo ndani.

Mimi nauza mbao. Miaka miwili iliyopita wezi walinifunga kwa kamba yangu mwenyewe, juu ya mbao zangu mwenyewe, wakaniacha hapo tangu saa nne asubuhi mpaka jua linazama. Nikaomba kibali, nikapewa, nikanunua bastola, na tangu siku hiyo sijatoka mlangoni bila hiyo, hata kwenda kanisani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ung'ongo nauona kila mahali. Nilitaka mke wangu arudi nyumbani, na nilitaka bastola iende msibani. Kwa hiyo nilihitaji nguo.

"Nataka kitu cha kuificha," nikaliambia kabati. "Mke wangu asiione."

"Polisi ni rahisi," likasema. "Mke ndiye kazi." Kisha likajifungua.

Ikatoka kaunda suti ya marehemu baba yangu, ya rangi ya ugoro, ikatoka kwa miguu yake yenyewe. "Nivae mimi," ikasema. "Nimekaa nyuma ya wakubwa kwenye mikutano mingi, na sikuwahi kutuna kiunoni."

Nikaivaa. Hapo hapo niko barabarani. Muuza mahindi anasimama wima. Wanaume waliokuwa wanabishana juu ya mpira wananyamaza, na mmoja anatoa kitambulisho bila kuombwa. Bibi mmoja ananifuata, ananieleza kwamba yeye hakusema chochote, aliyesema ni jirani yake.

"Hawajaiona bastola," nikasema.

"Hawana haja ya kuiona," ikajibu suti. "Wameniona mimi."

Nikaivua katikati ya barabara. Likaja shati la kitenge lenye njiwa. Aliyeniuzia bastola aliwahi kuniambia kwamba nguo yenye marembo mengi huyapoteza macho ya watu, nami nililikumbuka neno hilo na kulikumbatia. Nikafunga vifungo. Njiwa wote wakakimbilia kiunoni upande wa kulia, palipotuna, wakajazana pale mmoja juu ya mwingine, na sehemu nyingine ya shati ikabaki nyeupe tupu.

"Rudini mahali penu," nikawanong'oneza.

"Umetuambia tufiche," akasema njiwa mmoja. "Tunaficha. Tuko arobaini na wawili hapa na wengine wanaatamia. Usiiname."

Nikageuka kumtafuta mtu wa kumlalamikia, na nilipogeuka nilikuwa kibandani kwa Mama Semkondo, fundi anayetushonea sare za shule hapa stendi. Alikuwa na pini mdomoni kama siku zote.

"Mama, nataka koti," nikasema. "Lisionyeshe kitu. Na liwe baya, watani wasilitamani."

Maana mimi ni Mhehe, na Wagogo, kabila la Nyemo, ni watani wetu. Mtani akikipenda kitu chako msibani anakichukua, na wewe hukasiriki. Ukikasirika umekosa wewe, na wazee watakuwekea kikao. Nilikuwa nimelala nikiwaza nguo gani Mgogo hatanivua.

"Mteja ni nani?" akauliza Mama Semkondo.

"Mimi."

"Siulizi aliyekuja akiongea. Nauliza anayevaa ni nani."

Akainyakua bastola kiunoni mwangu, akailaza juu ya meza, akavuta utepe wake. Akaipima urefu, akaipima unene, akaandika kwenye daftari. "Unapenda ya kubana au ya kupwaya?"

"Ya kupwaya kidogo," ikasema bastola. Ilikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuandaliwa chakula. "Nitakaa muda mrefu."

"Na kitambaa?"

"Nipe huyu huyu, nimeshamzoea. Ila anapumua sana, na jioni anapenda kubeba mtoto. Ananikunja."

"Huyo anapunguzika," akasema fundi, akanigeukia.

Hakunichoma hata mara moja, nisimsingizie. Alinikunja mikono ndani, akanitanua ubavu, akanitia bitana, akanipigia mshono wa kwenda na kurudi ili nisiachie. Mwisho akanitia mfuko wa ndani wenye zipu. Akauma uzi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, kama anayesoma maelezo ya kufua. Papo hapo nikasikia bastola imeanza kunitafuna ubavuni, taratibu, kama panya kwenye gunzi. Nikaogopa kweli. Wale wezi walinifunga mwili tu.

"Mama, mimi ni mtu," nikamwambia.

"Koti haliongei kwenye kipimo."

Bastola ikanivaa, ikatoka. Nje ya mlango wa kibanda ilikuwa Mpwapwa.

Tunaingia msibani. Yaani bastola inaingia, mimi niko kwa nje. Wanaume wamekaa kwenye mikeka, wanawake wako upande wa jikoni, masufuria yanachemka. "Poleni na msiba," inasema bastola kwa sauti yangu. "Tumeshapoa, karibu shemeji," wanajibu, wanaisogezea nafasi. Inakaa kwa adabu. Hakuna anayeshtuka.

Nyemo anapita na ndoo ya maji. Anasimama, ananitazama kuanzia kola mpaka pindo. Macho yamemvimba kwa kulia.

"Umekuja mwenyewe?" anauliza.

"Mwenyewe," inajibu bastola.

Nyemo anatabasamu. Anatua ndoo, anafuta uso kwa ncha ya khanga, anasema ahsante. Nguo imefanya kazi niliyoitaka, na katika maisha yangu sijawahi kuona aibu kama ile.

Kisha anakuja Mazengo, binamu yake Nyemo. Kwa haki mimi Mhehe ndiye niliyetakiwa kuwachezea kwenye msiba wao, lakini Mazengo hangojagi zamu. Amejivika sufuria kichwani na viatu vya marehemu, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, anatembea kwa mwendo wa marehemu hasa. Watu waliokuwa wanalia sasa wanacheka na kulia.

"Mbwa tumewafungia ndani," anatangaza. "Tulisikia Mhehe yuko njiani." Anatua macho kwangu. "Koti zuri mno hilo kwa mla mbwa. Nimelipenda, nimelichukua."

Ananivaa. Bastola haikuwa na la kufanya, ikateremka kwenye mfuko wa ndani, ikanyamaza. Mazengo anacheza, anainama, anazunguka, nami napepea, na kila akizunguka nasikia ule uzito unagonga mbavu zake. Hajui. Anadhani labda ni simu.

Wende anakuja mbio. Nilisahau kwamba Mazengo huficha pipi mifukoni na kwamba watoto wote wa ukoo wanajua.

Anapapasa mfuko wa kushoto, hakuna kitu. Anapapasa wa kulia, anakuta karanga, anazitupa. Mjomba wake anacheka, anamnyanyulia koti ili atafute vizuri. Mkono mdogo unapanda kwenye bitana, unafika kwenye mfuko wa ndani.

Napiga kelele. Koti halina mdomo. Lina zipu, basi naifunga zipu kwa nguvu zangu zote, nayo inambana kidole.

Wende halii. Anasogeza pua kwenye kola. "Mjomba," anasema, "koti hili linanuka baba."

"Ingiza mkono wa pili," inamwambia bastola kwa upole, kama mwalimu wa chekechea.

Naye anauingiza, kwa sababu tumemfundisha kutii.

Nguo ya kuficha ina kazi moja tu, nami nikaiacha. Nikaachia mshono wa kwapa, nikaachia bitana, nikaachia mishono yote ya kwenda na kurudi aliyonipigia Mama Semkondo. Nilichanika kuanzia shingoni mpaka chini, mbele ya wakwe zangu, kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia. Bastola ikaanguka juu ya mkeka, katikati ya miguu ya wazee.

Hakuna aliyekimbia. Nyemo akaja, akasimama juu yake.

"Ndiyo hiyo," akawaambia wanawake. "Ndiyo ninayolala nayo nyumba moja."

Mazengo akavua sufuria kichwani, akaifunika bastola, akakaa juu ya sufuria. Hakuwa anacheza tena, ila sheria ni sheria, na swali lazima liulizwe.

"Nimechukua, mtani," akasema. "Umekasirika?"

Nilikuwa matambara mawili chini ya miguu yao. Nikaitafuta hasira, nikaitafuta kwenye mkono wa kushoto, kwenye wa kulia, kwenye kola. Nilikuta woga tu, woga mzee wa miaka miwili, umechoka kuliko mimi.

"Sijakasirika," nikasema.

"Sema kwa nguvu. Wazee hawasikii."

Nikasema kwa nguvu, na sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha.

Kumeshakucha. Bastola imo kwenye sanduku lake la chuma, ufunguo uko shingoni mwangu. Niko peke yangu nyumbani, shuka limelowa jasho. Simu inaita, ni Nyemo.

"Umelalaje?" akauliza, bila kungoja jibu. "Wende kaamka analia. Kidole chake cha shahada kina alama, vijino vidogo vidogo mstari mzima, kama kimebanwa na zipu. Nimekagua gauni alilolalia, halina hata kifungo. Nikamuuliza nani kakubana, anasema ni wewe."

Nikakaa kitandani.

"Atilio?"

"Kinamuuma sana?"

"Kimevimba kidogo. Hataki nikipake mafuta mpaka nikuulize kitu, na mimi hata sikielewi." Nikamsikia Wende ananong'ona pembeni, anarudia mara mbili. "Anauliza kama umeshashonwa."

Nililitazama sanduku, nikatazama nguo kwenye kabati, zote zimetulia kwenye vitundikio vyake.

"Mwambie bado," nikasema. "Napitia kituo cha polisi kuliacha lile dude, wakishaniandikisha napanda basi. Nakuja hivi hivi nilivyochanika."

Nyuma ya Nyemo nilisikia wanawake wanaosha vyombo vya matanga.

"Njoo," akasema. "Sindano ipo."