Namna Kasika Alivyochagua Kanisa

Kila Jumanne ofisi ya parokia, kule Butembo, ilifunguliwa saa mbili, na wakimbizi walipanga mstari tangu saa kumi na mbili, kila mmoja na jiwe lake la kukalia. Adèle alikuwa wa tisa. Nyuma yake alikaa Kasika, babu wa mume wake; babu huyo alikufa mwaka mmoja baada ya uhuru. Alikuwa ametembea siku nne kutoka Manguredjipa. Kwenye barière ya mwisho, kizuizi cha barabarani, askari walimpekua, wakamnyang'anya kofia, wakamwacha apite.

Sheria ya parokia ilikuwa hivi: mkimbizi asiye na barua ya padri wa kwao alete mzee wa ukoo, aeleze namna familia yao ilivyoingia kanisa. Maana watu walikuwa wakifuata unga wa mahindi, leo kwa mapadri, kesho kwa Waprotestanti. Wazee wa Adèle walio hai walikuwa wametawanyika porini. Basi alisali novena, akawaita waliotangulia, na siku ya tisa Kasika akabisha hodi.

Adèle hakufuata unga. Alitaka jina la mume wake, Ananie, liandikwe katika kitabu cha wafu, asomewe misa. Askari walimpiga risasi ya kifua kando ya mto, mbele ya macho yake, wakamkataza Adèle kumzika. Tangu siku ile wafu wote wa familia walikuwa wamekwisha kupita kumpa Adèle pole, isipokuwa Ananie mwenyewe.

"Tata, kama uko mufu, utuachie nafasi," akasema Mama Emérence, wa nyuma yao. "Siye tungali na njaa."

"Nilifika mbele yako, mama," Kasika akamjibu. "Na mufu iko na miguu."

Zamu yao ilipofika, katekista Zorobabel aliandika bila kuinua kichwa.

"Jina?"

"Kasika."

"Muzima ao mufu?"

"Mufu."

"Kanisa hii mulichagua namna gani?"

Kasika akajiweka sawa kwenye kiti. "Nilitoka Kanyabayonga kijana, kutafuta kazi ya zahabu. Kule kwa kampuni kulikuwa makanisa mbili. Baprotestanti balikuwa banaimba muzuri kabisa, siku ya Mungu ya kwanza nikaenda kwao. Kisha shimo ikaangukia rafiki yangu. Kampuni ikafuta namba yake, basi, hata jina habakuuliza. Lakini padri akakuja na kitabu. Akauliza jina yake, jina ya baba yake, na kitu gani ilimuua. Akaandika: shimo ya kampuni. Njo pale nikasema, mimi nitasali kwa bale banaandika."

"Na nyimbo?"

"Kwa padri tulikuwa tunaimba kama mbuzi. Nikavumilia myaka makumi mbili."

Zorobabel akapiga muhuri. Ushuhuda ulikuwa mzuri, hakuwa na la kuongeza. Akafungua kitabu cha wafu.

"Ananie alikufa na nini?"

"Basoda balimupiga risasi," akasema Adèle.

Zorobabel akaweka kalamu chini, akaenda kufunga dirisha. Kila mwanzo wa mwezi askari walikuja kusoma kitabu kile. Katekista aliyemtangulia aliandika neno risasi mara mbili; mara ya tatu akaandikwa yeye.

"Mama, tuandike homa."

"Hakukuwa na homa."

"Ninajua, mama. Lakini niko na batoto."

Kasika akasema polepole, "Padri yetu aliandika shimo ya kampuni."

"Padri yenu alikuwa muzungu, tata. Kampuni haingemugusa."

Nje mtu mmoja alikuwa akikohoa. Adèle alifikiri juu ya ule mto, na juu ya Ananie kubaki kule bila mtu wa kumwita kwa jina.

"Andika basi homa," akasema.

Misa ilisomwa siku ya Alhamisi. Kasika hakuingia. Siku ya Mungu iliyofuata alionekana kwa Waprotestanti, benchi ya tatu, akiimba kwa sauti nene, na watu wa pale wakamsogezea kitabu cha nyimbo.

Jioni ya siku hiyo Ananie akafika. Adèle alimfungulia, akampa kiti karibu na moto, akamfungua vifungo vya shati. Kifua kilikuwa kizima, hakina hata kovu. Lakini alikuwa akitetemeka mwili mzima, na ngozi yake ilichoma mkono.

"Sijui homa hii niliitoa wapi," akasema.

Adèle akamfunika blanketi zote mbili alizokuwa nazo. Kisha akamsimulia habari ya mto, ya askari, namna walivyomsimamisha mtu yule kwenye majani na namna alivyoanguka. Ananie alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mtu anayesikiliza matanga ya jirani.

"Maskini," akasema, meno yakigongana. "Na huyo alikuwa bwana ya nani?"