Piyuu ya Mzee Sengodan

Mama anasema nikiwa tumboni nilikuwa nampiga mateke kwa mdundo wa nyimbo za mzee Sengodan. Kwa hiyo mtu asiniambie simpendi. Lakini ile piyuu ni takataka.

Mzee alikuwa anatunga muziki wa sinema kwa fidla na filimbi, mtu mzima analia. Halafu zikaja ngoma za mashine, akanunua moja, akaitia kila mahali. Piyuu! Piyuu! Kama bastola ya mtoto. Siku hizi vijana wanarusha vipande vyake kwenye simu wanacheka. Mimi inaniuma. Wanamcheka babu wa watu kwa sababu ya sauti moja.

Basi siku hiyo tulikuwa mjini Kovilpatti, ukumbini, mtoto anatogwa masikio. Bendi ni ya kaka Chellappa. Mpiga kinanda wake alikuwa ameenda Dubai, siku hiyo mimi ndiye nimeshika nafasi yake kwa majaribio, na nilikitaka kile kiti kuliko chakula. Nimeacha shule mapema, nimebeba spika za watu, nimechoka kubeba.

Tunakunywa chai mlangoni, akaja Esakki, mjomba wa mtoto. Siku ya kutoga, mjomba ndiye mfalme. Mtoto anakaa mapajani mwake, na bendi ameileta yeye.

"Wakati wa sindano mpige ule wimbo wa daraja wa mzee Sengodan," akasema. "Na piyuu zake zote."

"Kaka, ile piyuu imepitwa na wakati," nikamwambia. "Nimekuandalia sauti ya fidla kwenye kinanda. Utalia."

"Imepitwa na wakati? Na haya masharubu yangu umeyaona kwenye sinema gani mwaka huu? Niyanyoe?"

"Nyoa," akasema Vanitha, mwimbaji wetu. "Sudalai hapa anasema kweli. Hata mzee mwenyewe akipanda jukwaani siku hizi anapigiwa fidla mahali pa piyuu."

"Mzee anaruhusiwa kukosea. Ninyi hamruhusiwi. Pua ya mke wangu imepinda, niende nikainyooshe?"

Mkewe alikuwa anapita na sinia la maua. "Anza na akili yako," akasema, akaendelea na safari.

Chellappa akanivuta pembeni. "Sikiliza, dogo. Huyu akiridhika, kiti ni chako. Asiporidhika, kuna kijana kule Sattur anasubiri simu yangu."

Nikasema sawa. Lakini moyoni nikajua wakishasikia fidla zangu watanyamaza wenyewe. Nilizifanyia kazi wiki nzima.

Wakamleta mtoto, kichwa kimenyolewa, kimepakwa liwa kinang'aa. Akamwona sonara na ile sindano ya dhahabu, akapasua ukumbi kwa kilio. Esakki akamkumbatia. Bibi yake akamtia sukari mdomoni, mtoto akaitema kwenye shati la mjomba. Chellappa akanipa ishara, tukaanza.

Vanitha akaimba ubeti vizuri kabisa. Tukafika pale kati penye piyuu, nikaachia fidla. Nilipiga safi, sitadanganya. Na ukumbi ukanyamaza kweli, ila si ule ukimya nilioutaka. Watu walikuwa wanasubiri kitu. Kama umeandaliwa chakula kwenye jani la mgomba, wali upo, mchuzi hakuna.

Esakki akanikazia macho, mtoto analia mapajani, akajaza mashavu hewa.

"Piyuu!"

Safu ya mbele ikaitikia, "Piyuu! Piyuu!" Akina mama jikoni nao, "Piyuu!" Mzee mmoja asiye na meno akatoa yake, ikatoka imelowa. Ukumbi mzima unapiga mashine kwa midomo, kila piyuu mahali pake, hakuna aliyekosea hata moja.

Mtoto akanyamaza. Akaacha mdomo wazi, anamtazama mjomba wake kama mjomba amegeuka bata. Sonara hakungoja. Tcha! Sikio la kulia likatobolewa kabla mtoto hajajua.

Halafu akajua. Kilio kikarudi mara mbili.

"Wewe wa kinanda!" Sonara akanigeukia, sindano juu. "Limebaki la kushoto. Ilete hiyo kelele yako, hawa watu wataishiwa mate!"

Vidole vyangu vilikuwa vinatafuta tayari. Ile sauti ipo kwenye kinanda changu, ipo mwisho kabisa huko, karibu na sauti ya mbwa. Chellappa akaturudisha pale kati. Mkono wa kushoto nikauacha kwenye fidla, maana sizitupi, na wa kulia nikapiga.

Piyuu!

Miluzi ya vidole, mayowe, mtu akarusha kitambaa juu. Mtoto akageuza kichwa kunitafuta mimi, macho makavu. Tcha!

Baadaye tunakula biriani ya mbuzi, Esakki akaja kuketi karibu yangu, shati limekauka sukari.

"Zile fidla chini yake," akasema. "Si mbaya."

"Piyuu bado mbaya," nikasema.

"Mbaya sana," akakubali, akaniongezea nyama. "Nani amekwambia nzuri?"

Vanitha akacheka mpaka akapaliwa. Chellappa upande wa pili wa meza alikuwa anaongea na simu, mdomo umejaa. "Hapana, ninyi wa Sattur msijisumbue," nikamsikia. "Kiti kina mtu. Mbishi, lakini kina mtu."

Nikaomba wali tena.