Pimbi Alivyohamishwa

Mwaka 1975, kijiji kipya cha upande wa Idodi kilipotimiza mwaka tangu watu waletwe na serikali, Katibu Didas alimwita Paskalina, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, akamwagiza achague michezo ya sherehe.

"Nataka michezo ya kuwachanganya watu, mwalimu. Wa milimani na wa bondeni wanachota maji kisima kimoja, lakini hata salamu hawapeani."

Paskalina akawaza. Vitendawili aliviacha, wazee wangewashinda vijana, na walioshindwa wangenuna. Mashindano ya nyimbo aliyaogopa, maana kila upande ungeimba za kwao. Mwishowe akachagua hadithi ya kupokezana: watu wakae duara, mmoja aanze, kila anayefuata aongeze sentensi moja. Hata wasiosalimiana, alijiambia, watajenga kitu kimoja.

Mchana wa sherehe, pombe ya komoni ikiwa imeshazunguka, akaanza yeye mwenyewe. "Palikuwa na Pimbi aliyejenga nyumba ya nyasi mlimani, juu ya jabali."

"Akalima mahindi, yakastawi," akasema Ambrosi wa milimani.

"Akafuga na ng'ombe," akasema Budeba, mfugaji wa bondeni. Watu wakacheka.

"Siku moja likaja lori, akaambiwa apande," akasema Mbuke, mkewe Budeba.

"Akaomba avune kwanza," akadakia kijana mmoja.

"Wakatia moto paa," akasema aliyefuata.

Kicheko kikakatika. Zamu ikamfikia Roza wa milimani, jirani wa Paskalina na mwanafunzi wake hodari kuliko wote. Roza aliitazama mikono yake.

"Mama yake Pimbi alikuwa bado ndani," akasema. "Mgonjwa, hawezi kutembea."

Mbuke, ambaye hakuwahi kumsalimia, akamshika bega.

"Mwalimu," akasema Didas kwa upole, "tumalizie hadithi."

Paskalina alikuwa akiujua mwisho wake. Roza alishamsimulia huku akilia, habari ya mama yake mwenyewe. Akaifikiria kazi yake, na nyumba aliyopewa kwa ajili ya kazi hiyo.

"Mama akatolewa salama," akasema. "Pimbi akajengewa nyumba ya bati karibu na zahanati, akafurahi sana."

Didas akapiga makofi. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Jumatatu Roza hakuonekana darasani. Paskalina akamfuata nyumbani, akamkuta anapukuchua mahindi pamoja na Mbuke.

"Kamwene, mwalimu," Roza akamsalimu bila kuinua macho.

"Dada Roza, ulitaka niseme nini mbele ya Katibu?"

"Ungenyamaza tu."

"Utarudi darasani?"

"Jina langu najua kuliandika. Inatosha."

Hakuna aliyemsogezea kigoda. Paskalina akaondoka. Mlangoni kwake alimkuta mjumbe wa Didas: Katibu ameupenda sana mchezo ule, anaomba uchezwe tena sikukuu ijayo.