Maneno Aliyosomewa Njuki

Kithaka alikuwa katikati ya ukurasa wa pili wa wasifu wa marehemu alipoona watu wameacha kujipepea. Jua la Kiritiri lilichoma hata chini ya hema, na tangu ibada ianze kila mtu alikuwa akijipepea kwa kijitabu chenye picha ya Mzee Njuki. Sasa vijitabu vilikuwa vimetulia mapajani. Akairudia kwa macho sentensi aliyotoka kuisoma.

"Mzee wetu alikata roho kwa amani kitandani pake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtoto wake mpendwa."

Hakuna mtu pale asiyejua jinsi Njuki alivyokufa. Majirani walimkuta asubuhi shambani, kifudifudi kwenye ndengu, peke yake. Wawira, mtoto wake wa pekee, alikuwa Kiirua, huko juu Meru, kwenye duka lake la ushonaji, na hakuwa amekanyaga nyumbani tangu Krismasi.

Wawira aliinuka kwenye kiti cha mbele. Alikaza leso kiunoni, akapita mbele ya jeneza, akaenda zake nyuma ya nyumba.

"Ni nani aliandika hayo?" Shangazi Beth, dada wa marehemu, aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni.

"Ni yule msichana wa saiba aliyechapisha, Shangazi," Kithaka akajibu. "Nadhani alichanganya na ya marehemu mwingine."

Uongo ulimtoka kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe. Watu wakaguna, mchungaji akaanzisha wimbo, na mazishi yakaendelea.

Ukweli aliujua yeye tu. Kithaka alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Embu, na ukoo ulimpa kazi ya kuandika wasifu wa baba yake mkubwa kwa sababu kalamu, walisema, ni yake. Jioni ya kuuandika alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Dallas mjini humo, mitihani ya wanafunzi imejaa mezani. Akafungua programu ya akili unde kwenye simu, akaandika jina la Njuki, kanisa lake na kwamba ana binti mmoja, kisha akaiambia itunge maneno ya kugusa mioyo. Kabla hajamaliza kupiga miayo, wasifu ulikuwa tayari. Alisoma aya ya kwanza, akaona Kiswahili kimenyooka, akautuma kwa Carol, mwenye saiba, duka la kompyuta na uchapishaji mtaa wa Majimbo, auchapishe.

Kilichomtafuna zaidi siku zilizofuata hakikuwa sentensi ile. Alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi, na ghafla akakumbuka mgongo wa Njuki. Alikuwa mdogo, nyoka amemuuma kifundoni, na baba yake mkubwa alimbeba mgongoni akikimbia mpaka zahanati, akimwimbia wimbo wa kuchunga mbuzi ili asilale. Mguu ule ndio aliosimamia akisoma wasifu. Na katika kurasa zote zile hapakuwa na nyoka, wala wimbo, wala mgongo. Palikuwa na "nguzo imara ya jamii" na "nyota iliyozimika".

Kisha sauti ya Shangazi Beth ikaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp. Alikuwa ameenda Majimbo mwenyewe, amemwambia yule msichana yote yaliyomjaa moyoni mbele ya wateja wake, na amewaambia akina mama wa kanisani wasimpelekee tena kazi. Chini yake watu waliweka vidole gumba. Kithaka aliitazama ile simu, akaiweka mfukoni.

Alivumilia mpaka Ijumaa. Baada ya shule akaenda Majimbo, maneno ya kukiri ameyapanga kichwani. Alimkuta Carol amekaa peke yake kati ya kompyuta zilizozimwa. Kabla hajafungua mdomo, yule dada akasimama.

"Mwalimu, nisamehe," alisema, macho mekundu. "Nimejaribu kukumbuka, nimeshindwa. Siku ile mafaili yalikuwa mengi, na nikimaliza kuprint huwa ninafuta. Lazima ni mimi nilichanganya. Sijui nitamwangalia vipi yule shangazi yako."

Maneno aliyoyapanga yalimpotea yote. Akashika ukingo wa meza.

"Hukuchanganya kitu, Carol. Ulichapisha nilichokutumia. Kiliandikwa na simu, na mimi sikukisoma."

Carol alimtazama kama mtu anayesubiri kuambiwa ni mzaha. Kisha uso ukabadilika.

"Umeniacha nalia wiki nzima nikijiita mjinga?"

"Nilikuwa nakuja kukuomba—"

"Mimi usiniombe. Mimi nilijua sina kosa mpaka mkaniambia ninalo. Nenda uwaambie wao. Na uanze na yule aliyefiwa na baba."

Jumamosi Kithaka alifika Kiirua upepo ukivuma kutoka mlimani. Wawira alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimerundikwa kando yake. Hakumkaribisha kuketi.

"Unajua nilifikiri nini?" alisema bila kuacha kushona. "Nilifikiri umeandika kunianika. Kwamba kila mtu ananionea haya, na wewe ukatafuta njia ya kulisema."

"Hapana, Wawira. Ni simu ndiyo ilibuni—" Akajikatiza. Alisikia jinsi neno lilivyotoka, jepesi, sawasawa na uongo wa kwanza. "Hapana. Simu haikusimama pale mbele kusoma. Ni mimi. Niliipa jina la baba yako, sikumfikiria hata dakika moja, kisha nikamsingizia Carol."

Cherehani ikanyamaza.

"Hata dakika moja?"

"Hata moja."

"Na vile alikupenda." Wawira alifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Alinipigia jioni ya kabla hajafa, Kithaka. Nilikuwa nampima mteja. Niliona jina lake nikaigeuza simu, nikasema nitampigia baadaye. Halafu nasikia ukisoma kwamba nilimshika mkono."

Kithaka angetaka aambiwe amesamehewa, lakini Wawira hakulisema hilo, naye hakumwomba. Alitoka nje, akasimama kando ya barabara, akarekodi sauti yake kwa kundi la familia. Alisema yote, la simu, la kutosoma, la Carol, na mara hii hakutafuta wa kumgawia kosa. Kisha akaituma.

Hakuna aliyeweka kidole gumba. Shangazi Beth ndiye aliyepiga.

"Kwa hivyo uliniacha nimtukane mtoto wa watu, wewe ukinyamaza?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kesho utasimama kanisani useme hivyo hivyo, na mimi nitasimama kando yako, maana mdomo uliotukana ulikuwa wangu."

Walisimama. Baadhi ya akina mama walirudi kwa Carol kwa haya, wengine walikuwa wameshazoea saiba nyingine wakabaki huko. Carol mwenyewe alimjibu Kithaka salamu, basi. Hakucheka naye tena kama zamani, na kazi zake alizipokea kama za mtu asiyemjua.

Siku moja Wawira akapiga simu, sauti yake imechoka.

"Wanasema tufanye ibada ya ukumbusho. Bado nina hasira na wewe, usijidanganye."

"Najua."

"Lakini nataka baba aandikwe vizuri. Nitakuja Jumamosi, tuandike pamoja, kwa mkono. Wewe utasema yale unayokumbuka. Na kuhusu ile simu yake ya mwisho, nitaiandika mwenyewe, na nitaisoma mwenyewe."

"Wawira, si lazima ulisome hilo mbele ya watu."

"Najua si lazima," akasema, na akakata simu.