Picha ya Jumatano

Mimi Loyce siombi huruma ya mtu. Tovuti ya wale wachimbaji wa dhahabu wa Sekenke niliijenga mwenyewe, hapa Singida mjini, na nikaringa nayo kweli kweli.

Utaratibu wao ni huu. Kila asubuhi kaka yangu Eliya, mmoja wao, anapiga picha nguzo za miti zinazoshikilia shimo, siku ikiwa imeandikwa kwa chaki juu ya mti, kisha anaituma kwenye tovuti. Mkaguzi wao, mama Theodora, anaifungua akiwa mjini. Akijibu "Shukeni", wanashuka.

Jumatano saa tatu nikapita ofisini kwake, nikamwamkia. Picha ilikuwa wazi mbele yake.

"Nguzo ngumu kama za jana," akasema. "Nimeshawaruhusu."

Nikatazama chaki. Jumanne.

Nikafungua kompyuta yangu palepale. PHP, lugha ya kompyuta niliyoandikia tovuti, ikipokea faili huweka habari zake ndani ya $_FILES: jina, aina, ukubwa, mahali lilipohifadhiwa kwa muda, na error, namba ya kosa. Sifuri maana yake limefika salama. Kwenye kumbukumbu za tovuti, namba ya asubuhi ile ilikuwa 1: faili limezidi kipimo, limetupwa. Na mimi, mjuaji, sikuandika hata mstari mmoja wa kuiuliza hiyo namba! Tovuti ikamwambia Eliya "Imepokelewa", ikamwonyesha Theodora picha ya jana. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Na simu iliyopiga picha kubwa namna ile nilimnunulia Eliya mimi mwenyewe, jana jioni.

Nikampigia Marietha, mpishi wao, anayebaki juu na simu zao, nikaweka spika.

"Wameshuka?"

"Zamani, dada. Si mmesema washuke?"

"Fungua picha ya leo kwenye simu ya Eliya. Unaona nini?"

Akaifungua. "Mti wa katikati umepasuka. Kaandika Jumatano. Chini yake kaandika tena: Mama, huu vipi, tushuke?"

Theodora akajishika kichwa. "Mungu wangu, nimewajibu!"

"Vuta kamba, Marietha! Watoe!" nikapiga kelele. Kwao kamba ikivutwa mara tatu, walio chini huvuta mara moja kuitika.

Nikamsikia akihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Akangoja, kisha akaanza upya.

"Hawaitiki, dada," akasema.